Ndumba ya kubuni ikivuruga meza: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu ni wa msimulizi, yaani anayeendesha mchezo wa kuigiza wa mezani, aliyekwisha kukwama. Ndumba, yaani uchawi anaoupiga mhusika mchezoni, imetungwa, mchezaji kaipenda, imeingia mezani, na tangu siku hiyo mchezo haukai sawa. Kama bado uko kwenye kuwaza tu, karibu usome, ila utanufaika zaidi ukiwa na karatasi ya ndumba yenyewe mbele yako na kalamu mkononi.

Kanuni ninazozitumia ni za Dungeons & Dragons toleo la tano, zile za mwaka 2014. Meza yetu ya Shangani hapa Mtwara inachezea hizo kwa sababu ya kawaida kabisa: muhtasari rasmi wa kanuni, SRD 5.1, uliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023. Ni PDF ya bure, inakaa kwenye simu, na umeme ukikatika bado unaisoma. Dadu tunaagizia Dar es Salaam. Zikipungua tunarusha kwa programu ya simu na maisha yanaendelea.

Tuelewane kwenye maneno kwanza. 4d6 ni dadu nne za pande sita, unajumlisha. Kujinusuru ni dadu anayorusha mlengwa ili ndumba imkose au impate nusu. Umakini ni kushikilia ndumba iendelee kufanya kazi: huwezi kushikilia mbili kwa pamoja, na ukijeruhiwa unarusha dadu dhidi ya 10 au nusu ya madhara uliyopata, ile iliyo kubwa, ukishindwa, ndumba imekatika. Nafasi ni akiba yako ya ndumba, kuanzia ngazi ya 1 hadi ya 9, na haijazwi mpaka upumzike. Ndumba ya bure haili nafasi.

Ndumba ikisumbua, wengi hukimbilia kupunguza dadu za madhara. Mimi huanza kukagua bei: inakula nafasi ya ngazi gani, inachukua tendo gani (tendo kamili la zamu au la nyongeza, lile dogo la pembeni), inahitaji umakini au haihitaji, na mlengwa ana mlango gani wa kutokea. Dadu huwa nazitazama mwisho, na mara nyingi nazikuta hazina kosa.

Pambano limekwisha kabla wengine hawajapata zamu

Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote, kwa hiyo tuikalie. Mchezaji wetu mmoja, mwenyeji wa Newala, alitunga ndumba ya ngazi ya 2 akaiita Maganda ya Korosho. Wazo ni zuri mno. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua ngozi, na ndiyo maana wabanguaji wa mkono hutangulia kujipaka majivu au mafuta. Maandishi yake yalikuwa hivi:

*Mafuta ya ganda yanaruka katika duara lenye nusu kipenyo cha futi 20. Kila aliyemo anapata 4d6 za tindikali, nusu akijinusuru. Baada ya hapo anapata 2d6 kila zamu kwa dakika moja.*

Kitabu cha msimulizi cha 2014, Dungeon Master's Guide, kina jedwali la madhara kwa anayetunga ndumba. Kwa ndumba inayopiga wengi kwa mpigo, ngazi ya 1 ni 2d6, ya 2 ni 4d6, ya 3 ni 6d6, ya 4 ni 7d6, ya 5 ni 8d6, ya 6 ni 11d6. Inayompiga mmoja tu hupewa zaidi: 2d10 kwa ngazi ya 1, 3d10 kwa ya 2, 5d10 kwa ya 3. Ukiitazama kwa haraka, Maganda ya Korosho ni halali kabisa. 4d6, ngazi ya 2, imekaa palepale.

Tatizo ni mkia, yaani zile 2d6 za kila zamu. Dadu ya pande sita kwa wastani hutoa 3.5, kwa hiyo pigo la kwanza ni 14. Mkia ni 7 kila zamu, na hakuna dadu ya kujinusuru kuukata. Raundi ni sekunde sita, hivyo dakika moja ni raundi kumi. Usihesabu kumi zote, maana mapambano mengi hayafiki huko. Hesabu tatu: 14 na 21 ni 35. Sasa rudi kwenye jedwali. Ngazi ya 5 inakupa 28, ngazi ya 6 inakupa 38.5. Mchezaji amelipa nafasi ya ngazi ya 2 akapewa kitu cha karibu na ngazi ya 6, na hajaombwa hata umakini.

Halafu kuna eneo. Kitabu hichohicho kinatoa njia ya kukisia walengwa kwenye duara: gawa nusu kipenyo kwa 5. Futi 20 ni watu wanne, futi 10 ni wawili. Kwa hiyo zile 35 zinaweza kuwa 140 zilizomwagwa uwanjani kwa zamu moja ya mtu mmoja. Mpiganaji mwenye upanga anabaki kuokota mikuki.

Tulivyoitibu: nusu kipenyo ikawa futi 10. Pigo la kwanza likawa 3d6, nusu akijinusuru. Aliyeshindwa ndiye peke yake anayepakwa mafuta. Mwisho wa kila zamu yake anapata 1d6 kisha anarusha tena kujinusuru, akifaulu yamekwisha. Anaweza pia kutumia tendo lake kujifuta kwa majivu, mchanga au chochote kilicho karibu. Piga hesabu: 10.5, ukiongeza raundi mbili za 1d6, unapata 17.5 kwa aliyeshindwa na asiyejifuta. Imezidi 14 za jedwali kidogo, lakini aliyefaulu anapata nusu ya 10.5 na basi. Akijifuta, umemla tendo zima, na hilo nalo ni faida kubwa ambayo haionekani kwenye dadu. Kijana aliipenda zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa maadui wanahangaika kutafuta majivu.

Mtego mmoja hapa: usipime kwa Fireball, ile ndumba rasmi ya mpira wa moto. Ile ni ngazi ya 3 na inatoa 8d6, wakati jedwali la ngazi hiyo linasema 6d6. Imezidi kwa dadu mbili. Ukitunga ndumba ya ngazi ya 3 sawa na Fireball halafu ukaipambia kidogo, umejenga juu ya paa badala ya msingi.

Adui amekaa tu kama gunia ghalani

Madhara hakuna, lakini adui hafanyi kitu mpaka anakufa. Hapa chanzo karibu kila mara ni hali iliyowekwa bila mlango wa kutokea.

Mfano ni Kilio cha Lipiko, ngazi ya 2: vinyago vinatokea, na kila adui ndani ya futi 30 akishindwa kujinusuru anapooza kwa dakika moja. (Niseme hapohapo: ngoma ya mapiko ya Wamakonde ni ya watu, na baadhi ya mambo yake ni ya jandoni. Kinyago na hofu vinatosha. Ya ndani hayaletwi mezani, na mchezaji akikwambia hapo pameguswa pasipotakiwa, badilisha jina bila mjadala.)

Linganisha na Hold Person, ndumba rasmi ya kupooza, ambayo pia ni ya ngazi ya 2. Inamshika binadamu au kiumbe wa jamii hiyo mmoja tu, inahitaji umakini, na mlengwa anarusha tena kila mwisho wa zamu yake. Bei tatu hizo zipo kwa sababu kupooza ni hali kali: anayekushambulia anapata dadu mbili achague kubwa, na pigo lolote la karibu linalompata linahesabiwa kuwa pigo la hatari, dadu za madhara mara mbili.

Tazama tofauti kwa namba. Mchawi wa ngazi ya 3 (ngazi ya mhusika, si ya ndumba) mwenye akili 16 ana kizingiti cha 13, yaani namba ambayo mlengwa lazima aifikie ili ajinusuru: nane za kuanzia, mbili za uzoefu, na tatu ambazo akili 16 inampa. Adui asiye na nyongeza anashindwa akirusha 1 hadi 12 kwenye dadu ya pande 20, yaani asilimia 60. Bila kurudia, huyo amekwisha kwa raundi kumi. Akirudia kila zamu, uwezekano wa kupoteza zamu ya pili unashuka hadi asilimia 36, na ya tatu karibu 22. Sentensi moja tu, "anarusha tena mwisho wa zamu yake", inabadilisha ndumba nzima.

Tiba ya Kilio cha Lipiko ilikuwa kuondoa kupooza na kuweka hofu. Mwenye hofu anashambulia vibaya na hawezi kusogea karibu na chanzo cha hofu, lakini bado ana zamu, bado anaweza kupiga mshale. Ongeza umakini na kurudia dadu, ndumba imetulia kwenye ngazi yake. Wasimulizi wengine hujitetea kwamba majitu makubwa yana ile haki ya kugeuza kushindwa kuwa kufaulu, kwa kawaida mara tatu kwa siku. Haki hiyo inamlinda jitu mmoja. Hailindi lile kundi la wavamizi ulioliandaa jioni nzima.

Angalia pia umemtaka mlengwa ajinusuru kwa kipimo gani: mwili, akili au kingine. Wanyama na majitu mengi yana mwili mgumu lakini akili ndogo mno, kwa hiyo ndumba inayopimwa kwa akili ina nguvu kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Ndumba ileile, kila pambano, mwanzo hadi mwisho

Mchezaji akianza kila pambano kwa ndumba moja, uliza: anaachia nini ili aipate? Jibu likiwa "hakuna", umepata chanzo.

Kusi ilikuwa ya namna hiyo. Ngazi ya 1, tendo la nyongeza, dakika moja, bila umakini, na kila zamu mpigaji anamsukuma adui mmoja futi 15. Hakuna dadu hata moja ya madhara, kwa hiyo ilipita bila kuulizwa. Kumbe futi 15 za kila zamu ni kubwa ukicheza kwenye gati, ukingo wa jabali, au mahali ambapo mwenzako ameshamwaga Maganda ya Korosho.

Mizani nzuri hapa ni Spiritual Weapon, ndumba rasmi ya silaha ya kiroho. Kwa kanuni za 2014 ni ngazi ya 2, tendo la nyongeza, haihitaji umakini, na kila mtu aliijua kuwa ni ya thamani kubwa. Kanuni za 2024 ziliirudisha ikiwa na umakini. Kama waliotengeneza mchezo wameona haja ya kuikaba hiyo, yako ya ngazi ya 1 haiwezi kupita huru. Kusi tuliipa umakini, futi 10, na mlengwa akaruhusiwa kujinusuru kwa kipimo chake cha nguvu. Jina na upepo wake vilibaki.

Kama dalili hii inakuja na kurusha ndumba mbili kubwa kwa zamu moja, kagua kama meza yako haijachanganya matoleo. Kanuni ya 2014 inasema ukipiga ndumba kwa tendo la nyongeza, nyingine pekee unayoruhusiwa zamu hiyo ni ya bure ya tendo moja. Ya 2024 inahesabu nafasi: usitumie zaidi ya moja kwa zamu. Mwenye nakala ya huku na mwenye nakala ya kule wakikaa meza moja, kila mmoja ana haki kwenye kitabu chake. Chagueni moja.

Safari imekufa

Umeandaa kikao kizima cha kuvuka mto ulioufananisha na Ruvuma, wenye viboko, mamba na mtumbwi unaovuja. Mchezaji anapiga ndumba yake ya ngazi ya 1, kundi zima linatembea juu ya maji, limefika upande wa pili. Kikao kimekwisha saa moja na nusu usiku.

Kutembea juu ya maji tayari kuko kwenye kanuni: Water Walk, ngazi ya 3, viumbe hadi kumi, saa moja. Inaweza kupigwa kama ibada, yaani bila kula nafasi, kwa kuongeza dakika kumi. Kwa hiyo kundi litaipata tu siku moja. Suala ni kuipata mapema mno. Kabla ya kupanga ngazi ya ndumba inayoondoa kikwazo, tafuta ndumba rasmi inayoondoa kikwazo hichohicho. Kuruka angani ni ngazi ya 3, mtu mmoja, kwa umakini. Kuhama kwa kufumba na kufumbua hadi mji wa mbali ni ngazi ya 7.

Tiba ninayoipendelea ni kuibana ndumba itatue tatizo dogo zaidi. Yetu ikawa "mtumbwi haupinduki kwa saa moja". Viboko wapo, mamba wapo, wapiga makasia wanahitajika, na aliyetunga bado anaonekana shujaa.

Mganga hana kazi

Maji ya Dafu: ndumba ya bure, unamgusa mtu, anarudishiwa 1d6 za uhai. Inaonekana ndogo. Lakini ya bure haina mwisho, kwa hiyo kila baada ya pambano mtu anakaa chini ya mnazi, anawagusa wenzake mpaka wote wanajaa. Kitabu cha msimulizi kimekataa wazi uponyaji wa bure, na hapa sioni sababu ya kubishana nacho.

Ipandishe ngazi ya 1 na uitazame kando ya Cure Wounds, ndumba rasmi ya uponyaji, ambayo kwa 2014 ni 1d8 na nyongeza ya mpigaji, au Goodberry inayotoa matunda kumi, kila moja pointi moja. Kama mchezaji anang'ang'ania iwe ya bure, iache imtulize tu aliye mahututi asife, bila kumrudishia uhai.

Hakuna anayeipiga

Ugonjwa wa upande wa pili, na husababishwa na woga. Msimulizi aliyeumwa na ndumba kali huitungia inayofuata bei tatu kwa mpigo.

Tulikuwa na Mfupa wa Tendaguru. Jina limetoka kwenye kilima cha Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin. Ndumba ilimwezesha mpigaji kushika mfupa na kuona kiumbe huyo alikufaje. Ngazi ya 3, saa nzima ya kuipiga, na kito cha dhahabu 500 kinachoteketea. Speak with Dead, ndumba rasmi ya kuwahoji wafu, nayo ni ya ngazi ya 3, haiteketezi kito, na unapata maswali matano. Nani achague mfupa?

Tuliishusha ngazi ya 1, ikawa ibada, kito kikaondolewa. Sasa inapigwa kila wanapokuta mzoga, na wala haijawahi kuvunja kitu. Ndumba za habari zinavumilia bei ndogo kuliko unavyodhani, kwa sababu anayeamua habari gani itoke ni wewe msimulizi.

Sababu nyingine ya haraka: aina ya madhara. Sumu inakataliwa na wafu wanaotembea, mashetani na sanamu zinazojiendesha wengi mno. Kama maadui wako ni hao, ndumba ya sumu ni karatasi.

Kila ikipigwa, ubishi

Hapa namba ziko sawa, maneno ndiyo mabovu. Na Kiswahili kina shimo lake ambalo ukitafsiri kutoka kanuni za Kiingereza hulioni mpaka umetumbukia: "a-" ya mpigaji na "a-" ya mlengwa ni moja. Soma hii:

*Akimgusa, anapoteza nguvu hadi mwisho wa zamu yake.*

Nani anapoteza? Zamu ya nani? Jioni moja ilikwenda hivi:

"Njomba, nimemgusa, amelegea hadi mwisho wa zamu yake."

"Zamu yake ipi? Zamu ni yako sasa hivi. Ikiisha, amepona."

"Sasa hapo ndumba imefanya nini?"

Andika "mpigaji" na "mlengwa" kila mahali, hata kama sentensi inakuwa nzito kidogo: *Mpigaji akimgusa mlengwa, mlengwa anapoteza nguvu hadi mwisho wa zamu inayofuata ya mlengwa.* Si tamu, lakini haina ubishi.

Maneno mengine ya kukagua: "adui" au "kiumbe"? Ukiandika kiumbe, wenzako waliomo wanaungua pia. "Kila anapoingia" kwenye eneo? Basi mwenye Kusi atamsukuma ndani, mwenzake amvute nje, wa tatu amsukume tena, na madhara yanahesabiwa kila mara. Andika "mara ya kwanza anapoingia katika zamu". Na ndumba ikipigwa mara mbili kwa mtu mmoja, je, zinajumlishwa? Andika hapana, isipokuwa una sababu.

Kuibadilisha ikiwa imeshazoeleka

Kabla hujagusa chochote, mpe adui ndumba hiyohiyo kikao kinachofuata, neno kwa neno. Wachezaji wataonyesha wenyewe panapouma: wakilalamika kwamba hawana la kufanya, tatizo ni mlango wa kutokea, wakianguka wawili kwa pigo moja, tatizo ni mkia au eneo, wakishindwa kuelewa nini kimetokea, ni maneno.

Kisha badilisha jambo moja tu, la bei kwanza. Ukigusa eneo, dadu na umakini kwa pamoja hutajua kipi kimeponya. Mweleze mchezaji kabla ya kikao kuanza, asikute ndumba yake imekatwa mkono katikati ya pambano, na kama toleo jipya halimfai mruhusu achukue ndumba nyingine ya ngazi ileile bila gharama. Tarehe ya mabadiliko iandikwe juu ya karatasi, maana baada ya mwezi kila mtu atakuwa anakumbuka toleo lililompendelea.